Vyumba Thelathini na Sita vya Mbingu

Tarehe 3 Februari

Kaka yangu Ngazi,

Niwie radhi kabla hujanuna. Tangu nijifungue ni miezi mitatu na sijakuandikia hata mstari. Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza Bonge aliitapikia maziwa, ya pili nilisinzia juu yake nikaamka na wino shavuni, ya tatu iliishia kuwa orodha ya sabuni. Hii naimaliza hata kama itabidi niishike kwa meno.

Sisi hatujambo. Bonge ni jina alilopewa na wakunga na limemganda. Ananyonya kama anayelipiza kisasi. Baba yake yuko safarini na lori, akirudi analala siku mbili, anamrusha mtoto juu mara tatu, anaondoka. Mwambie wifi kwamba gauni alilomshonea mtoto bado zuri, ila miguu imeshalikimbia.

Sasa jambo lenyewe. Keti kwanza. Nimepewa ukuta.

Sisemi bango la duka. Ukuta wa maktaba mpya ya watoto, ule unaotazama barabara, mita sita kwenda juu na sita kwenda kando. Nilikuwa naandika herufi za mlangoni, mkutubi mkuu akasimama nyuma yangu. Ni mzee mwembamba, anaongea kama anaogopa kuviamsha vitabu. Akaniuliza, "Binti, unajua kuchora safari za anga?" Nikamjibu, "Najua hadithi ya mbingu." Sijui ni nani aliyenisukuma mdomo. Akasema nimsimulie, nikamsimulia ile ya baba: kwamba zamani mbingu ilikuwa chini, watu wakiigusa na kuifutia mikono, mpaka mwanamke mmoja mwenye mchi mrefu akatwanga kwa hasira akalichoma jicho la mbingu. Mbingu haikupiga kelele wala haikumlaumu mtu. Iliinuka kimya kimya ikaenda kuugulia mbali, na mwezi ndio kitambaa ilichofungia jicho.

Kisha nikaongeza ya kwangu. Nikasema roketi ni mchi ule ule, sasa unapelekwa kwa heshima, na mwanaanga aliyemo ni mjukuu wa yule mwanamke. Amevaa nguo nyeupe anakwenda kuomba radhi. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Chora hiyo," akasema. Kaka, nilifika nyumbani sijui nimepita njia gani.

Lakini unanijua. Mimi herufi, wewe picha. Baba alitugawa hivyo tukiwa hatujaota meno ya ukubwani. Nikichora mtu anakuwa kama meza. Nichoree wewe, kwa vyumba, kama alivyotufundisha: picha nzima uigawe miraba thelathini na sita, kila chumba kwenye karatasi yake, nami nitakikuza ukutani kiwe mita moja. Maktaba inafunguliwa tarehe moja Julai. Nisipomaliza, wataufunika ukuta kwa turubai la plastiki lililochapwa na mashine, na mimi nitarudi kuandika "Usikojoe Hapa".

Kila nikipiga simu anapokea wifi, ati uko juu ya ngazi. Shuka hata mara moja.

Mdogo wako,
Brashi


Tarehe 21 Februari

Mdogo wangu Brashi,

Salamu zako zimefika, na ya ukuta nimeisikia mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini. Usishangae mwandiko. Ni wa wifi yako. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkono wa kulia niliutegua kidogo, si wa kukuliza. Kuchora hakuna taabu, baba alituzoeza mikono yote miwili, unakumbuka alivyotufunga kitambaa mkono wa kulia wiki nzima?

Huku tuzima. Cherehani ya wifi yako imepata mkanda mpya na sasa inakimbia kuliko sisi. Mvua imechelewa.

Hadithi uliyoongeza imenikaa. Kwa nini mjukuu ndiye anayeomba radhi, na siye aliyechoma? Usinijibu. Nauliza tu nikiwa nimekaa.

Nakutumia safu ya chini, vyumba sita: kinu, miguu ya mwanamke, kitambaa chake kiunoni. Mistari nimeitoboa vitundu, upulizie vumbi la makaa upate nakala ya kukuzia, kama alivyofanya baba. Safu nyingine zitafuata zikikamilika. Usinihimize, Brashi. Na fanya chumba kimoja kimoja, ufunike vingine. Unajua sababu.

Ndimi kaka yako,
Ngazi


Tarehe 14 Machi

Kaka Ngazi,

Shikamoo, na pole ya mkono. Bonge amepata jino la kwanza na amelijaribia kwenye brashi yangu namba nane. Baba yake amerudi akamkuta analia akadhani anamlilia yeye, akafurahi. Sikumwambia ni jino.

Vyumba vimefika bila kukunjika. Kaka, kile kidole gumba cha mguu wa mwanamke kimeshika ardhi kama kina deni nayo. Nilikaa nikakitazama nikasahau maji motoni mpaka sufuria ikaungua. Mistari yako imekuwa mipole siku hizi, inakwenda polepole kwenye kona, kama mtu anayeshuka kitandani asimwamshe mtoto. Ndio mkono wa kushoto huo? Basi uendelee kuuegemea.

Karatasi zako ni pana kuliko za zamani, zimepita zile sentimita kumi tulizozoea. Nimezipima upya nikazikuza hivyo hivyo zijaze mita yangu. Vitundu navyo vimekaa sawa mno, kama vya mashine. Umenunua kifaa usichotaka kuniambia?

Kiunzi kimefungwa, nimekizungushia magunia kwa ajili ya vumbi la barabara. Nafuata sheria ya baba, chumba kimoja tu kiwe wazi, vingine vifunikwe, maana mchoraji akitazama picha nzima kabla ya wakati mkono unatetemeka. Jirani anamshika Bonge tangu saa mbili mpaka saa sita. Kwa hiyo napata saa nne kwa siku za kuwa mtu.

Lete vingine. Na upokee simu.

Brashi


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Kifaa sijanunua. Nimetuma vyumba kumi na viwili, safu ya pili na ya tatu: mikono ya mwanamke, mchi unapoinuka na kuanza kugeuka roketi. Pale mbao inapokuwa chuma usiweke mstari, acha rangi zenyewe zipatane.

Simu inanichosha masikio. Tuandikiane tu, maneno ya barua hayana haraka.

Mbusu Bonge. Anafanana na nani?

Ngazi


Tarehe 23 Aprili

Kaka,

Sisi wazima. Bonge anafanana na wewe, paji lote hilo. Nimekuandikia hilo mwanzo kwa sababu nikishaanza hili lingine sitarudi.

Jana nilimaliza chumba cha kumi na nane, nusu ya ukuta. Mkutubi mkuu akaomba aone, nikasema sawa, nusu si nzima, baba atanisamehe. Nikashusha magunia. Tukavuka barabara mimi na yeye, Bonge mgongoni, tukageuka.

Mzee alitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa ile sauti yake ya maktaba, "Samahani, binti. Huyu mama ana viwiko vingapi?"

Vinne, kaka. Ana viwiko vinne. Ana kifundo cha mkono, halafu shibiri moja mbele yake kifundo kingine kile kile. Kinu kina midomo miwili. Mchi una mlango wa roketi, na kando yake mlango huo huo tena umeegemea wa kwanza kama pacha. Kila chumba kinapokutana na jirani yake, kilichoko pembeni mwa hiki kimerudiwa pembeni mwa kile. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara, na mwenye baiskeli akaniuliza kama nimegongwa.

Nikadhani ni mimi. Nimepima ukuta wote upya kwa kamba. Mita ni mita. Nikapanga karatasi zako sakafuni kwa mara ya kwanza. Kosa liko kwenye karatasi. Kila moja imezidi upana wa kidole pande zote nne, na ndani ya kidole hicho kuna kipande cha jirani yake.

Wewe, Ngazi? Wewe uliyekuwa ukinichapa kwa rula nikipitisha mstari nje ya chumba?

Leo asubuhi nikachukua gauni la Bonge nilishushe pindo, afaidi mwezi mmoja zaidi. Nikafumua. Ndani nikakuta kitambaa cha ziada, kimekunjwa vizuri, upana wa kidole, pande zote. Nilishika gauni mkono huu, karatasi mkono huu. Mchoraji haachi kidole pembeni. Anayeacha kidole ni mshonaji, ili apate pa kupitisha sindano.

Nimepiga simu mara tatu. Wifi anasema umelala. Saa nne asubuhi, wewe uliyekuwa unatuamsha sote kwa kugonga makopo ya rangi. Mara ya tatu nilisikia cherehani ikisimama na mtu akipumua, basi.

Kwa hiyo sikuulizi tena kuhusu mkono. Nauliza: nani amechora ukuta wangu, na kaka yangu yuko wapi? Kama uko hai, niambie. Kama hupo, aniambie anayeandika. Mimi ni mama wa mtu sasa, nimeshapasuliwa nikashonwa, siogopi habari. Naogopa kimya.

Brashi


Tarehe 9 Mei

Wifi yangu mpendwa,

Yuko hai. Nimeandika hilo juu kabisa ulione kabla ya salamu. Hajambo mwili, anakula, jana alinigombeza kwa sababu ya chumvi.

Leo naandika yangu mwenyewe, sio ya kuambiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi hatukutaka kufika huko, ila tumekaribia. Ilikuwa Oktoba, wiki mbili kabla hujajifungua. Alikuwa anapaka dari la ofisi, anakoroga chokaa mwenyewe kwenye pipa, ikaruka. Tulimwagia maji mpaka tukalowa wote. Daktari wa macho alisema la kulia limekwenda. La kushoto linajua mwanga na giza. Anajua mlango ukifunguliwa, hajui aliyeingia. Mkono wake haujawahi kuteguka.

Aliniapisha nisikuambie. Kwanza kwa sababu ya mimba, halafu kwa sababu ya kunyonyesha, halafu nikaona sababu haziishi, zinazaa tu. Nilikubali. Hilo ni kosa langu, lishike mkononi kwako.

Ngazi zake aliziuza. Brashi alizitia kwenye gunia akalifunga mafundo saba. Miezi mitatu hakutaja rangi ndani ya nyumba hii. Akiulizwa hali anasema nzuri, anageukia ukuta. Halafu ikaja barua yako. Nilimsomea kwa sauti, yote, hata ya "Usikojoe Hapa". Akaiacha chai ikapoa. Kisha akasema, "Soma tena ya mbingu." Nikasoma. Akasema, "Lete kitambaa na uzi mnene."

Tunafanya hivi. Ananiambia mstari uanzie wapi, uende wapi, nami naushona. Yeye anaupitia kwa kidole. Akisema "siyo", nafumua. Kile kidole gumba ulichokisifu nilikifumua mara kumi na moja, na ya kumi na mbili alicheka. Kikishakubalika nakihamishia kwenye karatasi zangu za kukatia nguo, kwa kile kigurudumu changu chenye meno ya kutoboa vitundu. Nikaacha kidole pembeni bila hata kufikiri, ndivyo mkono wangu ulivyozoea miaka tisa. Hakuna aliyeniambia kwamba picha haishonwi. Ulipoandika ya viwiko vinne sikujua nicheke au nijifiche chini ya meza.

Sasa anataka kusema. Naandika kama anavyosema.

Brashi, usimkasirikie Fundi. Nakuomba radhi mimi, sio mjukuu. Sikutaka uje kunitazama hali mimi sikutazami. Nilitaka nifike kwako kama Ngazi, sio kama mzigo wa kushikwa mkono. Futa ukuta kama ni lazima. Waache waweke plastiki yao. Lakini safu ya nne na ya tano nilikuwa nimeshazimaliza, nazituma hata kama ni za kufungia vitumbua. Ya sita, ya mwezi na jicho, sijaianza. Siwezi. Kila nikisema mstari wa jicho uanzie wapi, sauti inakatika. Hapa ni mimi tena, wifi: amesema hilo nisiliandike. Nimeliandika.

Wifi yako,
Fundi


Tarehe 26 Mei

Kaka yangu Ngazi, na wifi yangu Fundi, usome kwa sauti, usiruke hata moja,

Bonge hajambo, anakaa peke yake sasa, akianguka anaangukia ubavu kama gunia na kunyamaza, anasubiri aone kama umeona. Baba yake amewatumia salamu. Nilimsomea barua yenu akaenda nje akakagua tairi za lori, zote, na lori lilikuwa halina safari.

Mimi bado sijakaa sawa. Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye kiunzi, nikashuka sijui vipi, nikajikuta nimeshika brashi yenye rangi kwa upande wa manyoya. Siku tatu nilifanya kazi zote kama mtu aliyeamshwa ghafla. Nilimvalisha Bonge soksi mikononi. Nikikumbuka nilivyokuandikia "upokee simu", "shuka hata mara moja", najiuma. Kisha nikikumbuka ulivyonijibu "si wa kukuliza", natamani nikuchape kwa rula yako mwenyewe.

Umefanya kama mbingu, kaka. Umechomwa jicho ukainuka kimya ukaenda kuugulia mbali, ukatuachia sisi huku chini kutunga hadithi. Nimekasirika, na hasira hii itakaa mpaka nikushike. Lakini unisikilize vizuri: mzigo ni yule asiyeleta kitu. Wewe umeniletea vyumba thelathini. Bonge ndiye hajaleta hata kimoja, na tunambeba.

Sasa ya ukuta. Nilimweleza mkutubi mkuu yote, nikamwambia afunike tu, nimeshindwa. Akaingia ndani akatoka na kitabu kikubwa cha picha, akanionyesha wanawake wamekaa kwenye cherehani. Akasema nguo walizovaa watu waliotembea mwezini zilishonwa na mafundi kama hao, mshono kwa mshono, na mmoja akisahau pini ndani ya nguo watu wanakufa huko juu. Akafunga kitabu. "Binti, kama mbingu ilichomwa jicho," akasema, "nani aliishona?" Mzee mzima amenishinda hadithi ya baba yangu.

Sikufuta, basi. Kila mahali vyumba vinapogongana nimeacha vyote viwili, kiwiko na kiwiko, mlango na mlango, halafu juu yake nimechora nyuzi nyeupe za mshono, nene kama kidole, moja moja, kutoka chini kwenda juu. Ukivuka barabara sasa huoni kosa. Unaona mbingu yote imeunganishwa kwa mkono, na yule mama anatwanga ndani ya kitambaa kilichoshonwa. Watoto wanaotoka shule wanahesabu viwiko na kugombana, mmoja anasema vinne, mwingine anasema ni viwili, ila mama anatikisika. Mkutubi ameacha kuja na hoja, anakuja na kiti.

Na safu ya chini, inayofikiwa na mkono wa mtu aliyesimama, nimebandika kamba nyembamba kwenye mistari yote na kuipaka plasta juu yake. Nilifumba macho nikaipitia. Kidole gumba nilikipata mara ya kwanza.

Safu ya nne na ya tano zimeshapanda ukutani, ya sita imebaki tupu, nyeupe, inanitazama. Siku ya kufungua ni ile ile, tarehe moja Julai. Usiniambie huwezi. Ulisema huwezi kuanza jicho. Basi usianze na jicho. Anza na fundo la kitambaa cha mwezi, lililo nyuma ya kichwa cha mbingu, mzunguke polepole, jicho mtalifikia.

Ninavyohitaji ni hivi, Fundi uviandike kwenye karatasi mbandike ukutani kwenu:

Vyumba sita vya juu, lakini msinihamishie kwenye karatasi. Nataka vitambaa vyenyewe, vilivyoshonwa, pamoja na kidole cha pembeni, msikipunguze.

Kile kitambaa cha kidole gumba, chenye matundu ya kufumuliwa mara zote kumi na moja.

Timazi ya baba, ile kamba yenye uzito ya kunyooshea mistari ukutani, lazima iko kwenye gunia la mafundo saba. Mfungue yote saba, msikate.

Kiganja cha kaka cha kulia, kile kilichoteguka kwenye barua. Akilaze juu ya karatasi, wifi umzungushie chaki, vidole vyote vitano. Mwanaanga atafika kwenye jicho na lazima aliguse kwa mkono, na mkono huo sitauchora wa mtu mwingine.

Siku na saa ya basi mtakalopanda, ninyi wawili. Chumba nimeshafagia. Bonge atalala na sisi.

Na majina. Kona ya chini kulia nimeiacha bila rangi. Langu nitaliandika mwenyewe, herufi ndiyo kazi yangu. La wifi liwe la uzi. La kaka liwe la penseli, kwa mkono wake, bila kushikwa na mtu, hata likipanda ukutani na kuanguka chini. Litabaki lilivyo.